Mgongo Ukutani

Mwanangu alishikwa na mkojo katikati ya Mji Mkongwe, na mtoto wa miaka mitatu akishikwa hana subira ya kutafutiwa choo cha heshima. Nikamwingiza kwenye hoteli ya kwanza niliyoikuta mlango wazi. Kijana wa mapokezi alitutazama, mimi na buibui langu na mtoto anayejibana mapaja, akataka kukataa, kisha akalitazama zulia lake akaona bora atuelekeze.

"Mwisho wa korido, kushoto, dada. Lakini haraka."

Tulipotoka chooni ndipo nikamwona wifi yangu.

Alikuwa mgongo tu. Umetundikwa ukutani ndani ya fremu nyeusi, mkubwa kuliko mlango wa kabati. Kanga imeshushwa mpaka kiunoni, nywele zimesukwa na kubanwa juu, ngozi imepakwa singo, ule unga wa mawaridi na viungo anaosuguliwa bi harusi kabla ya harusi. Pembeni ya picha unatokeza mkono wa mwanamke mtu mzima, vidole vitatu vinateremka kutoka shingoni na kuacha mistari. Uso hamna. Mwanga unaingia kushoto, kwenye dirisha dogo la nondo. Mwanga ule naujua. Nilikaa chini yake nimeegemea sanduku la nguo, kamera mkononi.

Picha ilikuwa yangu.

Chini ya fremu waliweka kibao kidogo: Mwanamke wa Kizanzibari. Basi. Aliyepiga hayupo, kama vile mgongo umejipiga wenyewe.

Nikarudi mapokezi nikiwa nimemshika mwanangu mkono mpaka akalalamika.

"Ile picha ya pale ndani nani kaileta?"

"Sijui, dada. Nimeikuta. Wageni wanaipenda sana ile, wanasimama nayo wanajipiga selfi."

"Wanajipiga nini?"

"Selfi. Kwani unamjua yule?"

"Simjui," nikasema, nikatoka.

Nieleze kazi yangu, maana bila hivyo hasira yangu itaonekana ya bure. Napiga picha upande wa wanawake. Kwetu Unguja wanaume wakishafunga nikaha msikitini wamemaliza. Harusi yenyewe iko ndani, kwa wanawake, na humo ndani mabuibui yanatundikwa, vichwa vinaachwa wazi, watu wazima wanacheza mpaka kanga zinawaponyoka. Simu zote zinakusanywa kwenye beseni mlangoni. Anayebaki na kamera ni mtu mmoja, na lazima awe mwanamke ambaye wenziwe wamekubali kumwamini. Kazi hii haina cheti. Ina kufunguliwa mlango tu. Siku ikisikika picha zako zinatoka nje, mlango unafungwa, na haufungwi nyumba moja. Unafungwa Nungwi mpaka Makunduchi, kwa sababu kisiwa hiki hakuna mtu asiye na shangazi.

Ndicho nilichokuwa nakipoteza pale kwenye korido, na sikujua nani ananipokonya.

Wanaoziona picha zangu husema nina mtindo wangu. Zinapigwa kwa chini, wanasema, zinakaa karibu, hazina sura, zina mikono na visigino na migongo. Wanadhani nilikaa nikabuni. Ngoja niseme mtindo ulikotoka. Somo ninayefanya naye kazi, yule mama mtu mzima anayemchukua mwari siku saba kabla ya harusi akamweka ndani, akamsugua na kumfunza mambo ya unyumba, siku ya kwanza alininyooshea kidole: "Chumbani kwangu sura usipige. Sura ataonekana nayo siku ya kutolewa, ishapambwa. Kabla ya hapo mwari hana sura." Nikapiga kilichobaki. Na mwanangu wakati huo ana miezi minne, ziwa haliachi. Nilikuwa nakaa chini mkekani, yeye ananyonya kushoto, kamera mkono wa kulia, siwezi kuinuka, siwezi kusogea. Mtindo wangu ni katazo la bibi mmoja na njaa ya mtoto mmoja. Baadaye nikaanza kuona kwamba huko chini kuna vitu ambavyo waliosimama hawavioni. Lakini hilo lilikuja baadaye, na sikumwambia mtu.

Mwaka jana nilikwenda mafunzo ya siku tatu ya wapiga picha vijana, hapo hapo mjini. Mkufunzi, kaka mmoja mpole wa bara, akatugaia karatasi: andika kwa nini unapiga picha. Wenzangu wakajaza ukurasa, urithi, utambulisho, sauti ya wasio na sauti. Mimi niliandika: Kwa sababu wananiita.

Akaisoma akatabasamu. "Dada, hiyo ni kazi. Mimi nauliza msukumo."

"Msukumo nnao, kaka. Tuambie kwanza utaupeleka wapi ukishaupata."

Darasa zima likacheka, yeye hakucheka. Nilimshuku mpaka chai ya saa nne, na baada ya chai nikaendelea. Mtu anayetaka kujua ya moyoni mwako na bado hajakuuliza mwanao hajambo, ana jambo lake.

Kwa hiyo swali langu siku ile ya hotelini halikuwa gumu. Nani kaitoa?

Picha zangu ziko kwenye kompyuta yangu, na kompyuta ina nywila, na nywila anaijua mtu mmoja zaidi yangu, aliyeniwekea. Mume wangu. Anauza rangi na misumari kwenye duka la watu Mlandege, na mchana hurudi kula. Siku ile nilimsubiri nimekaa. Sikupakua.

"Chakula kipo?"

"Kipo. Na dada yako yupo hotelini."

"Anafanya nini hotelini?"

"Katundikwa. Mgongo wazi mpaka kiunoni, wazungu wanajipiga naye picha. Nywila ya kompyuta yangu nani mwengine anaijua?"

Alisimama na ndala moja mguuni.

"Yaani mie. Mie nimchukue dada yangu, tumbo moja, nikamtundike hoteli."

"Sijasema umemtundika. Nnauliza nywila anaijua nani."

"Mwanamke, roho yako ikoje? Toka uanze hii kamera unanitazama kama mwizi wa nazi. Nikishika simu, unamtumia nani. Nikikaa karibu na kompyuta, inuka. Unajua kama mie sijapata kuiona hata picha yako moja? Hata moja! Watu wananisimamisha njiani, mkeo hodari, mashaallah, mkeo ana jicho. Nami naitikia tu, eeh, ana jicho. Jicho lenyewe sijui linaona nini."

Ilikuwa kweli. Picha za upande wa wanawake mwanamme hazioni, hata awe mume wa mpigaji, na mimi sikuwahi kupiga za upande mwengine. Nikampakulia.

Akala. Alipokwisha kunawa akasema, bila kunitazama, "Kaulize unakochapisha. Kompyuta yangu mimi haina karatasi."

"Kompyuta yangu," nikasema.

Kesho yake asubuhi, kabla sijatoka, somo akaniletea ujumbe wa sauti. Yeye haandiki. Anaishika simu mbali na mdomo na kusema kama anayeita mtu ng'ambo ya shamba.

"Mwanangu, assalaam alaykum. Nimeletewa habari. Kuna mtoto wangu mmoja, nilimsugua mie mwenyewe, sasa anasafisha vyumba kwenye hoteli mjini. Ameuona mkono wangu ukutani. Sitaki maneno ya simu. Jumatano uje. Na kwa yule mwari wa Kikwajuni Alhamisi usende, mpaka tuonane."

Niliusikiliza mara tatu. Mkono wangu, amesema. Hakusema mgongo.

Ndipo nikalielewa kosa letu. Tulikuwa tumejipanga vizuri kuficha sura ya mwari. Hakuna uso, hakuna jina, mgongo ni mgongo. Lakini kina somo wa hapa kila mmoja ana namna yake ya kusugua, na huyu wa kwangu ana yake ambayo hakuna mwengine anayeifanya: singo ikishashika ngozi, anateremsha vidole vitatu toka shingoni mpaka kiunoni, anaiacha mistari hiyo ikauke ndipo aanze kusugua kwa pembeni. Kila mwanamke aliyepita mikononi mwake anaijua mistari ile mgongoni kwake. Nilikuwa nimemfunika mwari na kumwacha somo wazi kama barabara. Wala sikuwaza, kwa sababu kichwani mwangu mkono haukuwa mtu.

Ilikuwa Jumamosi. Nikaenda Mlandege na hasira mbili.

Anayenichapishia picha ana duka jembamba kama droo, mashine moja, kiti kimoja. Tuna utaratibu wetu. Anaiwasha mashine, anakigeuza kioo cha kompyuta kitazame ukuta, kisha anatoka kusimama mlangoni, mgongo kwangu, mpaka nimalize. Miaka yote hiyo hajageuka. Au ndivyo nilivyoamini.

"Picha yangu iko nje," nikamwambia. "Imetoka hapa."

"Waalaykum salaam, dada."

"Sikuja kusalimiana. Mgongo wa mwari uko hotelini."

"Dada, mimi katika harusi zako mgongo ninaoujua ni wangu tu. Si ndio unaokutazama wewe ukichapisha?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Hiyo picha kubwa kiasi gani?"

Nikamwonesha kwa mikono. Mikono haikutosha.

Akacheka kwa sauti, mpaka jirani muuza mikoba akachungulia. "Mashine hii itoe hiyo? Ningekuwa na mashine ya kutoa hiyo ningekuwa nakaa hapa na feni bovu? Haya, karatasi yake inang'aa?"

"Haing'ai."

"Mimi karatasi isiyong'aa sina. Harusi za Unguja nani anataka karatasi isiyong'aa? Watu wanataka ing'ae mpaka isionekane." Akaacha kucheka. "Dada, picha ukiikuza kiasi hicho lazima uwe na faili lenyewe, zima. Mimi huniachii, unaondoka nalo. Faili zima unampa nani?"

"Simpi mtu."

"Mtu yeyote?"

Hapo nikakumbuka. Kila bi harusi nampa flashi yenye picha zake zote. Naiweka kiganjani mwake mwenyewe, simpi mama wala shangazi, nakikunja kiganja na kumwambia, hii ni amana yako. Sijawahi kumhesabu bi harusi katika wanaoweza kutoa. Nani anajitoa mwenyewe?

Niliondoka dukani sikumwomba radhi. Hata leo sijamwomba, na bado ananichapishia, na bado anageukia barabara.

Wifi yangu anakaa Bububu. Anatengeneza sabuni za mwani. Mwani anauchukua kwa wanawake wa Paje, na sabuni anazipeleka mwenyewe mahoteli. Mimi na yeye ni mawifi, kwa hivyo kutaniana ni lazima na kuaminiana ni hiari. Nilimkuta ukumbini kwake anakata mche wa sabuni kwa kisu, vipande vimepangwa juu ya gazeti.

"Karibu, wifi. Mbona leo uso kama umelamba ndimu?"

"Mgongo wako uko hotelini."

Aliendelea kukata. "Naam," akasema, kama mtu aliyeitwa. "Uko."

"Ni wewe?"

"Mgongo ule wa nani, wifi? Wako?"

"Nnakuuliza ni wewe uliyeupeleka?"

"Ni mie. Hebu kaa, usinisimamie kama askari wa bandarini."

Nikakaa. Akanieleza huku anakata, na kila kipande kilitoka sawa na mwenziwe. Mwenye hoteli, mama mmoja mgeni, alikuwa anatafuta picha ya kuweka kwenye ukuta ule. Wifi alikuwa amepeleka sabuni. Akamwonesha kwenye simu. Yule mama akashika kifua, akauliza huyu nani, wifi akasema simjui, nimeipata tu. Faili akampelekea siku ya pili.

"Mbele ya watu, wifi? Uchi?"

"Uchi wa nani? Nani kaniona?" Akaweka kisu. "Sikiliza. Kila wiki napita pale na boksi langu la sabuni. Buibui, ninja, macho tu. Wageni wamesimama wanautazama mgongo, wananikanyaga mguu, samahani mama, samahani. Hakuna anayejua. Nnapita chini ya mgongo wangu mwenyewe kama mtumishi. Wallahi nacheka mpaka nafika nje. Mie sijawahi kuonekana hivyo, wifi. Siku ya harusi nilipambwa mpaka mama akanipita bila ya kunitambua. Ile yako ndiyo peke yake niliyoiona nikasema, eh, kumbe niko hivi."

Maneno yalikuwa mazuri. Nikayashuku.

"Na oda ya sabuni ukapata."

"Nikapata. Dhambi? Oda nilipata na raha nilipata. Vyote viwili. Kwani weye ukipiga picha unapata kimoja?"

"Mumeo anajua?"

Hapo mikono ikatulia. Akachungulia mlango, ingawa mumewe alikuwa kazini na tulikuwa peke yetu.

"Akijua narudi kwa mama. Weye unamjua."

"Basi somo anajua. Kaujua mkono wake. Jumatano ananisubiri. Na ataniuliza nani kaitoa, na nisipokutaja wewe, nimeitoa mimi. Hakuna nyumba itakayonifungulia tena."

"Utanitaja?"

Nilikuwa nimekwenda Bububu na jibu la swali hilo. Jibu lilikuwa ndiyo. Kilichotoka mdomoni mwangu kikawa kingine kabisa.

"Na jina langu liko wapi?"

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha wifi, kile kinachokuvua nguo.

"Aka! Kumbe! Ndicho kilichokuleta mbio mpaka Bububu. Nilidhani unanililia mie, kumbe unajililia."

"Nalilia vyote viwili. Si umesema vyote viwili vinawezekana?"

"Ningeliweka jina lako, wifi, kesho yake watu wangehesabu harusi ulizopiga. Wangenifikia mie kabla ya adhuhuri. Nimekuficha weye ili nijifiche mie."

Hilo nalo lilikuwa jibu zuri mno. Mpaka leo sijui alilifikiria siku anaipeleka picha au alilifikiria pale pale kwenye sabuni. Nikamwambia aende akaiteremshe. Akasema haendi, akienda kuiomba, ndipo atakapojulikana. "Kaiteremshe weye. Si picha yako?"

Na ilikuwa hivyo. Kitu chepesi kuliko vyote kilikuwa mkononi mwangu. Naingia, nasema hii ni yangu, mmeiweka bila ya ruhusa yangu, iteremsheni. Ikishashuka, Jumatano namwambia somo imeshuka, nainamisha kichwa, pengine ananisamehe.

Jumatatu sikwenda. Nilisema mtoto ana mafua, na kweli alikuwa na mafua, ya kawaida.

Jumanne nikaenda peke yangu. Kijana wa mapokezi alikuwa kwenye simu, nikapita mpaka kwenye korido. Nikaitazama kwa mara ya kwanza bila ya mtu kunivuta buibui. Ukubwa ule ulikuwa umetoa vitu ambavyo mimi mwenyewe sikuvijua: kijasho juu ya bega, uzi wa kanga uliochomoka, kucha ya somo yenye hina ya zamani. Wakaja wageni wawili, mwanamme na mwanamke, wakasimama nyuma yangu. Hawakutoa simu. Mimi picha zangu zinatazamwa na mashangazi, na shangazi akishika albamu anajitafuta yeye, amekaa vipi, nani kamziba. Wale wawili hawakuwa na wa kumtafuta. Walikuwa wanatazama nilichokiona mimi, kutoka pale chini nilipokuwa nimekaa.

"Dada, umepotea?" Kijana wa mapokezi.

"Hapana."

"Unamtafuta nani?"

Ilikuwa nafasi yangu. Nikamtazama, nikaitazama picha, nikasema nilidhani kuna choo.

Sikuomba iteremshwe. Ningeweza kuliruka hili, maana hakuna aliyeliona. Lakini mengine yote katika habari hii nina mtu wa kumsingizia, na hili sina.

Jumatano nikaenda kwa somo, Jang'ombe. Alikuwa uani anachambua mawaridi yaliyokauka juu ya ungo, na wanawake wawili wa mtaani wamekaa karibu yake wanasaidia, yaani wanasubiri.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Kaa. Si huko, kaa hapa nikuone." Akapuliza vumbi la maua. "Picha yako?"

"Yangu."

"Umeitoa weye?"

Wanawake wawili wakaacha kuchambua. Nilikuwa na jina la wifi ulimini. Ningelisema pale, lingefika Bububu kabla yangu.

"Picha ikiwa nje, bi, ni mimi."

"Sikukuuliza hivyo."

"Ndivyo ninavyojibu."

"Unamficha mtu."

"Niliiona toka Ijumaa," nikasema. "Ningeweza kuiteremsha. Jana nilikwenda, nikasimama mbele yake, nikaiacha."

"Kwa nini?"

"Nzuri."

Mmoja wa wale wanawake akasema astaghfirullah kwa sauti ndogo. Somo alichukua ua moja, akalivunja kikonyo, akaliweka upande wake.

"Nilikwambia sura usipige."

"Sikupiga sura, bi."

"Na huu nini?" Akanyoosha mkono wake mbele ya uso wangu, vidole vitatu. "Huu si sura? Hivi nilivyofunzwa na bibi yangu, na bibi yangu alifunzwa na wake. Hakuna mwengine anayeteremsha hivi. Mtoto yule kapita kwenye korido na ndoo yake ya kupigia deki, akasimama akalia, akadhani nimekufa nimewekwa ukumbusho. Mwari umemficha vizuri, sina la kusema. Mie hukuniuliza hata nijifunike kidole."

"Sikuwaza, bi. Wallahi sikuwaza."

"Najua hukuwaza. Ungewaza ningekwita mwovu. Sasa nakwita mjinga, na mjinga simwingizi chumbani." Akarudi kwenye maua. "Kwa mwari wangu yeyote hutaingia tena. Ukumbini piga. Huko kila mtu kajipara kwa kutazamwa."

Sikumwomba. Nilijua ningeomba ningelia, na nikilia ningesema ya wifi. Nikainuka, nikavaa viatu. Nilikuwa nishashika mlango wa ua aliponiita.

"We mtoto."

"Naam, bi."

"Hiyo mistari. Imetoka vizuri, au imetapakaa?"

Nikamgeukia. Alikuwa ameinama juu ya ungo, uso siuoni. Wale wanawake wawili wananitazama. Nikafikiri, huu mtego. Nikisifu, ataniambia unaona, bado unajivunia. Nikiponda, nimeponda kazi ya bibi yake.

"Imetoka vizuri," nikasema. "Mitatu yote. Inaonekana mpaka mwisho."

"Mm," akasema. "Haya nenda."

Nimeigeuza mm ile kila upande. Kuna siku nadhani alikuwa ananipima. Kuna siku nadhani alitaka kujua tu, kwa kuwa yeye katika hoteli ile hataingia, na katika kazi yake yote aliyoifanya migongoni mwa watu hajapata kuitazama akiwa mbali. Sikumuuliza. Wifi naye hajaniuliza nilisema nini kwa somo. Alimpa kaka yake sabuni kumi na mbili aniletee, zimefungwa vizuri. Sijazitumia.

Alhamisi chumbani kwa mwari wa Kikwajuni aliingia msichana mwengine na kamera yake. Mimi nikapewa ukumbi, Jumapili alasiri. Mtoto nilimwacha kwa mama mkwe, ameshaacha kunyonya siku nyingi, kwa hivyo nilikuwa na mikono yangu miwili. Nilisimama. Kulikuwa na taa nne na jukwaa na viti viwili vya dhahabu na maua ya plastiki, na bi harusi amekaa katikati amepakwa mpaka hawezi kucheka. Kila aliyepanda kumtunza aliniambia nipige kwa mbele. Nikapiga kwa mbele. Picha zimetoka safi, kila mtu ana sura yake. Nilizipitia nyumbani mara mbili nikitafuta moja ya kwangu.

Baada ya wiki nikampelekea bi harusi zake. Nikamwekea flashi kiganjani, na badala ya yale maneno yangu ya siku zote nikamwuliza, "Hizi utazipeleka wapi?"

Akanitazama kama mwehu.

"Ntaziweka kabatini, dada. Kwani picha za harusi hupelekwa wapi?"